Kranki ya Binti Kwenye Injini ya Bibi

Overoli yangu ya mwisho nimeichana vipande, na sasa ndiyo matambara ya kufutia mikono pale gereji kwetu Buhare. Nawaandikia ninyi mnaoyatumia. Sitasema habari za vyeo, kwa sababu kwenye kazi yetu mwenye cheo ni yule anayeitwa injini ikigoma. Mishahara nayo naiacha, maana sitaki mtu alie akisoma. Nitasema habari za kranki. Ninyi mnaiagiza kwa simu, kesho yake inashushwa stendi ikiwa kwenye boksi, na nimewaona baadhi yenu mkiilaza sakafuni kama gogo la kuni. Hilo limenikera hadi nimeshika kalamu.

Mimi ni mtu wa Bukima. Baba alikuwa mvuvi, mama alilima mihogo, na kwenye ukoo wetu hapakuwa na mtu mwenye gari la kumfanya mtoto apende injini. Nilisomea ufundi kwa kuwa nafasi za ualimu zilikuwa zimejaa. Miaka ile baada ya vita vya Uganda nikapangiwa karakana ya shirika moja la usafirishaji mjini Musoma. Sabuni ilikuwa ya foleni, na spea tulikuwa tunazisikia tu kwa watu waliotoka Nairobi.

Siku ya kwanza nilifika na overoli iliyoshonewa mwanaume mrefu, nimekunja miguu na mikono. Mkuu wa karakana akanitazama, akaniambia nikae ofisini nipokee simu. Simu yenyewe ilikuwa mbovu. Niliitazama, nayo ikanitazama, mpaka nikachoka. Nikatoka nje, nikasimama karibu na miguu ya mtu aliyekuwa amelala chini ya lori. Mkono wake ulitoka ukawa unapapasa chini kutafuta spana. Nikampa. Akatumia, akanyoosha mkono tena, nikampa nyingine. Baadaye akajivuta nje, mzee mwembamba mwenye rozari shingoni.

"Wewe binti, ulijuaje nataka kumi na saba?"

"Nati nimeiona, Mzee."

"Haya. Kaa hapohapo."

Huyo ndiye Mzee Wambura, mtu wa Butiama, na pale aliponiambia nikae ndipo nilipojifunzia kazi. Simu ilitengenezwa miaka mingi baadaye na mtu mwingine akawa anaipokea.

Kwenye karakana ile maikromita, kifaa cha kupimia unene wa chuma, ilikuwa moja tu. Mzee Wambura aliitia ndani ya soksi ya sufi, soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo wa sanduku ulining'inia pamoja na rozari yake. Ukitaka kupima kitu ulinawa kwanza kwa majivu, halafu unasimama mbele yake unaonyesha viganja, kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Gasketi, zile karatasi za kuziba kati ya vyuma viwili, tulikata kwenye maboksi ya katoni na kuzipaka shelaki kama gundi. Oili iliyotoka kwenye injini tuliichuja kwa kitambaa na kuirudisha. Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa barabarani, kwa hiyo hata ungemaliza kazi Jumamosi jioni, gari lingekaa palepale likikutazama.

Sasa kranki. Kwa asiye fundi, huo ni mhimili wa chuma ulioko tumboni mwa injini, wenye viwiko. Pistoni zinapanda na kushuka, na hivyo viwiko ndivyo vinavyogeuza kule kupanda na kushuka kuwa kuzunguka. Kranki ikikatika, gari limekuwa banda la kuku. Shirika letu lilikuwa na pikapu nyingi za Kijapani zenye injini ya silinda nne, ukoo mmoja lakini wa vizazi tofauti. Sisi tuliziita bibi, mama na binti. Bibi ndiye aliyekuja kwanza nchini, mama akafuata, na binti alikuja mwishoni, mambo yalipofunguliwa.

Kitabu cha kiwandani hakikusema kwamba kranki ya mama inaweza kukaa kwenye injini ya bibi. Njaa ya spea ndiyo iliyotuambia. Shingo zake zinazokaa kwenye beringi zina unene uleule, na viwiko vina urefu uleule. Tofauti iko mkiani. Bibi anazuiwa oili isivuje kwa sili ya kamba, mama kwa sili ya mpira. Na flaiwili ya bibi, lile gurudumu zito la mkiani, inashikwa na boliti sita, ya mama na nane. Kwa hiyo ukitoa kranki kwa mama unaichukua pamoja na flaiwili yake, halafu unahangaika na ile sili. Mzee Wambura alisuka kamba ya katani, akailoweka kwenye mafuta ya ng'ombe na unga wa makaa, akaigonga kwenye mfereji wake kwa mpini wa nyundo. Ilivuja, lakini kwa adabu. Gari la kwanza tulilolifanya hivyo lilikwenda Bunda kuchukua mbegu za pamba na likarudi, na mkuu wa karakana akasema alijua tangu mwanzo kwamba litarudi.

Mzee alikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, kranki hailazwi. Inasimamishwa kwa mkia wake au inaning'inizwa, kwa sababu chuma kirefu kikilala muda mrefu kinapinda, na kikipinda hutakiona kwa macho. Ya pili, kabla ya kufunga injini yenye kranki ya kuazima, unapima kwa ugali. Alitaka ugali wa udaga, ule wa muhogo, kwa sababu wa mahindi unakatika. Unapaka oili juu ya pistoni, unaweka donge, unafunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kama kawaida, halafu unazungusha injini kwa mkono mizunguko kamili. Ukifungua, donge limeminywa. Unalikata kwa wembe na kupima unene wake, na hapo unajua pistoni inafika umbali gani kutoka kwenye hedi. Wenzetu wa karakana nyingine walitucheka, wakasema Musoma hata injini zinakula ugali. Injini zao zilikuwa zinanoki, yaani zinagongagonga, na zetu zinatembea, kwa hiyo hatukubishana nao.

Sheria ya tatu ilikuwa hii: aliyefunga kranki ndiye anapanda safari ya kwanza yenye mzigo, haijalishi gari linakwenda wapi. Kwa ajili hiyo nimelala Tarime, nimelala Ukerewe, na mara moja nimekaa juu ya magunia ya dagaa hadi Bunda, na mume wangu akaniambia nisimkaribie mpaka nioge mara mbili.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa sabuni ambayo watu hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Injini za mitumba zikaanza kuingia, zimefungwa kwa waya, zingine zikiwa na mchanga wa nchi nisizozijua. Ndipo tukamwona binti kwa mara ya kwanza. Wenye magari binafsi wakafurahi. Shirika letu halikufurahi, kwa sababu lilikuwa kwenye orodha ya mashirika yanayofungwa. Walikuja watu wenye suti, wakatembea uani wakikwepa oili, na baada ya muda tukaambiwa tuondoke. Mimi nilikuwa bado na nguvu, nilijua nitapata pa kushika spana. Mzee Wambura alikuwa ameshazeeka. Aliishi kwenye chumba cha shirika nyuma ya karakana, na chumba kilikuwa kinauzwa pamoja na kiwanja.

Wakati wa kugawana kilichobaki, walimpa pikapu. Wengine walipata barua ya kusubiri malipo, yeye akapata gari, na kuna waliomwonea wivu mpaka walipofungua boneti. Ilikuwa injini ya bibi, kranki imekatika kwenye kiwiko cha tatu. Zaidi ya hiyo pikapu hakupewa kitu, na alijua hatapewa. Mpango wake ulikuwa kuhamisha vitu vyake kwenda kwake Butiama kwa gari hilo mwisho wa mwezi, kisha abebee watu mihogo na samaki kati ya Butiama na Musoma. Ikishindikana, vitu vyake vitaondoka juu ya lori la mtu mwingine, na pikapu itabaki uani kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Aliniambia hivyo akiwa anafuta spana moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilimwonea uchungu, na nilijua akigundua namwonea uchungu atanifukuza.

Kranki ya mama haikupatikana mkoa mzima wa Mara. Tulikuwa tumezimaliza wenyewe. Nikasikia kwamba Bunda kuna muuza spea anaitwa Masatu, ameshusha injini ya binti. Tulikwenda. Masatu alikuwa ameshaifungua, na kranki ilikuwa imesimama kwenye kona, jambo lililomfanya Mzee Wambura amheshimu hapohapo.

"Hii inaingia kwa bibi?" nilimwuliza.

"Kranki ni kranki, mama. Shingo pima mwenyewe."

Nilipima shingo zote, zikawa sawa. Nikapima viwiko, na vilikuwa virefu kidogo kuliko vya bibi. Kiwiko kikiwa kirefu, pistoni inapanda juu zaidi, na ikipanda zaidi inaweza kugonga hedi. Pistoni za binti mwenyewe ni fupi, lakini ni nene, haziingii kwenye silinda za bibi. Ilibidi tutumie za bibi na kuzikereza vichwa. Mzee alimpa Masatu jeki yake ya mafuta, jeki nzuri ya zamani, tukaondoka na kranki.

Tulirudi tukaipima kwa ugali. Donge lilitoka limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu. Chacha, dereva wetu wa zamani aliyekuwa anakuja kutusaidia, akashauri tuweke gasketi mbili chini ya hedi ili iinuke.

"Gasketi mbili ni kuvaa suruali mbili," Mzee alisema. "Unaona umejikinga, kumbe huwezi kukimbia."

Pistoni zikapelekwa Nyegina kwa bruda mmoja wa misheni mwenye mashine ya kukereza. Alizipunguza vichwa, tukapima, tukazirudisha akapunguza tena kidogo, na safari hii donge likatoka na unene wa kuridhisha. Tulifunga beringi, tukafunga hedi, tukazungusha kwa mkono, injini ikazunguka laini. Mzee alianza kupiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Ilibaki giaboksi. Tuliinyanyua, tukaisukuma, ikaenda vizuri halafu ikasimama. Kati yake na injini palibaki uwazi wa upana wa kidole. Tukaitoa, tukairudisha. Uwazi uleule.

"Tia boliti ukaze pole pole," Chacha alisema. "Itaingia yenyewe. Mimi nimeonaga wanafanya."

Na kweli wanafanya, hata leo. Boliti zinavuta, giaboksi inakaa, watu wanapongezana. Lakini kama kuna kitu kinachozuia, unakuwa unaisukuma kranki mbele, na vile vikuku vya pembeni vinavyoizuia isicheze vinasagika. Gari linatembea hadi Makutano, kisha linakufa. Mzee aliweka mkono juu ya boliti, akasema itolewe giaboksi. Nikaingiza kidole kwenye mkia wa kranki. Hapo katikati panatakiwa pawe na tundu lenye bushi, pete ndogo ya shaba, ambamo ncha ya shafti ya giaboksi inakaa. Kidole kiligonga chuma. Hapakuwa na tundu.

"Mzee, hii ilikuwaga ya gari ya otomatiki."

Magari ya otomatiki hayana hiyo ncha, kwa hiyo kiwandani hawahangaiki kutoboa. Sisi tulikuwa hatujawahi kuiona otomatiki ikifunguliwa. Tulikuwa tumekagua kila kitu isipokuwa kitu ambacho hatukujua kinaweza kukosekana.

Mzee Wambura alikaa juu ya tairi. Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika, na chumba chake kilikuwa tayari kimepigwa chokaa upande mmoja na mafundi wa mwenye kiwanja mpya, kitanda chake kikiwa bado ndani. Kutoboa tundu kulimaanisha kufungua injini yote upya, kutoa kranki, na kuipeleka Nyegina. Chacha alisema jambo ambalo sote tulilijua, kwamba kuna njia fupi. Unakata ile ncha ya shafti kwa msumeno. Giaboksi inaingia, gari linaondoka siku hiyohiyo. Shafti inabaki inacheza hewani, na baada ya miezi michache inakula giaboksi yote.

Mzee alinyanyuka, akaenda kwenye sanduku, akachukua msumeno wa chuma. Nilidhani anauondoa mbele ya Chacha. Akaenda kwenye giaboksi, akaweka msumeno kwenye ncha.

Miaka yote niliyokuwa naye nilikuwa nimemsikia akifukuza watu kwa jambo hilohilo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku nyingine yoyote kazini. Mnunuzi wa chuma chakavu angempotezea gari tu. Njia hii fupi ingempotezea gari na yeye mwenyewe, maana angeendesha akijua alichofanya. Nilikwenda nikashika msumeno kwa upande wa pili.

"Niachie, binti."

"Siachi."

"Nitalala wapi mpaka imalizike, Nyanjura? Sema wewe. Nitalala wapi?"

"Kwetu. Vitu vyako vyote vinakuja kwetu leo, na wewe. Mume wangu hana neno. Kranki inatoka."

Alinitazama kwa hasira ya kweli. Msumeno ulikuwa katikati yetu. Chacha alijikuta ana kazi ya haraka sana nyuma ya karakana. Mwishowe Mzee aliachia. Akanawa mikono kwa majivu, ingawa sabuni sasa ilikuwepo, akaanza kulegeza boliti za sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kesho yake tulikwenda Nyegina kwa baiskeli, yeye akiendesha. Kranki haikulazwa kwenye keria, alikataa katakata. Niliibeba mgongoni kwa kanga, imesimama, kichwa chake kimechomoza begani kwangu. Akina mama tuliowapita waliniuliza mtoto ni wa miezi mingapi. Niliwajibu kwamba ni msichana na ni mzito kwa umri wake. Mzee Wambura alicheka mpaka baiskeli ikayumba, na hapo nikajua amenisamehe.

Bruda aliibana kranki kwenye mashine, akahangaika kuipata katikati, akaitoboa taratibu huku akimwagia oili. Tulikereza bushi ya shaba palepale. Tuliporudi tukafunga yote upya, tukapima ugali upya, kwa sababu Mzee hakuamini kwamba kitu kilichopimwa jana bado kiko vilevile. Giaboksi iliingia kwa kusukumwa na mikono mitupu. Injini iliwaka tulipojaribu mara ya pili, ikakohoa moshi wa oili tuliyoipaka wakati wa kufunga, ikatulia.

Tulipakia asubuhi. Kitanda, meza, sanduku la vyombo, kuku wawili, na sanduku la spana ambalo aliliweka mbele miguuni kwangu, nikasafiri magoti yakigusa kidevu. Mimi ndiye niliyefunga kranki, kwa hiyo nilipanda. Mimi nilitazama geji ya oili, yeye alisikiliza, maana beringi ikianza kuharibika inagonga kwa sauti ndogo kabla haijaharibika kabisa. Makutano tukasimama, tukafungua boneti, tukagusa hapa na pale, tukaendelea. Kwenye mlima wa kuelekea Butiama alipunguza gia mapema, na pikapu ikapanda na mzigo wake wote bila kunung'unika. Geji haikushuka. Nilimtazama kwa pembe ya jicho na nikaona midomo yake inatembea. Sijui kama alikuwa anasali au anahesabu mapigo ya injini.

Nyumbani kwake palikuwa na ua wa minyaa na mbuzi wamefungwa pembeni. Aliingiza gari uani, akasimama, akaiacha injini inaunguruma. Mkewe, Mama Werema, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Miaka yote hiyo mumewe alikuwa akipita pale mara chache na gari la shirika, anashusha sukari au mabati, anakunywa maji akiwa amesimama na kuondoka, kwa kuwa gari lilikuwa na kazi na lilikuwa linasubiriwa. Mama Werema alitusalimia, akazunguka pikapu akitazama kitanda na meza, akaja dirishani.

"Baba Werema, hii gari wanaitaka saa ngapi? Nijue kama nitawahi kuwapikia."

Mzee Wambura alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. Nilitaka kumjibia, nikaona si pangu. Kisha akazima injini, akachomoa ufunguo, akautoa dirishani na kuuweka kwenye kiganja cha Mama Werema, kilichokuwa bado na unga.

"Pika polepole," alimwambia.